Shimo la ghorofani lina mwenyewe? Usalama na mpangilio wa kazi katika majengo marefu ya Unguja

#1 Mratibu wa Mazizini

Assalaamu alaykum wanaukumbi. Naanzisha uzi huu kwa sababu ya ajali iliyotokea katika mjengo mmoja wa ghorofa nane hapa Mjini, ambao sitautaja jina. Kwenye ghorofa ya sita palikuwa na uwazi wa kupitishia mabomba, wenye upana wa karibu mita moja, umefunikwa kwa kipande cha plaiwudi kisichopigiliwa misumari wala kuandikwa chochote. Msaidizi wa seremala alitumwa kutafuta plaiwudi. Akakiona kile kipande, akakiinua kwa mikono miwili mbele ya kifua chake, akapiga hatua kwenda mbele. Ubao aliokuwa ameushika ndio uliomzuia kuona alichokifunua. Aliangukia jukwaa la mafundi bomba lililokuwa ghorofa ya chini yake, akavunjika paja, na tunamshukuru Mungu kwamba jukwaa lile lilikuwepo.

Kijana yule alikuwa amevaa helmeti, buti na kizibao cha kung'ara. Ofisa usalama alikuwepo kazini siku hiyo, na bango la usalama liko getini. Kwa hivyo dai langu ni kwamba ajali nyingi za majengo marefu hapa kwetu hazitokani na ukosefu wa vifaa vya kuvaa. Zinatokana na fani nyingi kufanya kazi mahali pamoja bila ya mtu mmoja mwenye dhamana ya kile ambacho fani iliyotangulia imekiacha nyuma. Seremala wa kwanza aliutengeneza uwazi ule, fundi nondo akaupita, fundi bomba akaufunika, seremala wa pili akaufunua, na alipotafutwa mwenye shimo hakupatikana. Nyinyi kwenye viwanja vyenu mnafanyaje?

#2 Fundi Nondo, Bububu

Waalaykum salaam. Mwenyezi Mungu amponye kijana wetu. Ila sikubali kwamba fundi nondo "aliupita" uwazi ule kama kwamba haumhusu, kwa sababu dawa yake iko mikononi mwetu na tulirithishwa na mafundi waliotutangulia. Nondo za slabu, yaani sakafu ya zege, hazikatwi penye uwazi mpaka siku bomba linapokuja. Boksi la mbao huchongwa mapengo ubavuni, nondo zikapita katikati yake, zege likamwagwa pembeni, na boksi likishatolewa linabaki dirisha lenye wavu wa chuma. Nondo za milimita 12 zikiachana sentimita 15 au 20, mguu unaweza kuingia lakini mtu hawezi kuanguka. Mhandisi naye aweke nondo za ziada kuzunguka ukingo tangu mwanzo, kwa kuwa zile za katikati zitakuja kukatwa.

Njia hii imeachwa kwa sababu wanaokuja nyuma yetu wanataka uwazi mtupu. Fundi bomba analipwa kwa kipande, na saa moja ya kukata nondo ni saa ambayo hailipwi.

#3 Mkadiriaji Majenzi, Kikwajuni

Nimefurahi kuona mada hii. Fundi Nondo ameligusa jambo la malipo, nami nataka kulisogeza mbele kidogo. Katika jedwali la makadirio, usalama huwekwa kwenye kurasa za mwanzo pamoja na uzio, ofisi ya muda na maji ya ujenzi, na mara nyingi huandikwa fedha moja ya jumla. Mkandarasi anayetaka kushinda zabuni hawezi kupunguza bei ya saruji, kwa sababu bei ya saruji kila mtu anaijua. Atapunguza pale ambapo hapana kipimo. Kisha mabomba, umeme, lifti na vioo hutolewa kwa wakandarasi wadogo, na mkataba wa kila mmoja wao husema kwamba "atazingatia usalama wake". Neno "wake" ndilo linaloacha shimo bila ya mwenyewe. Kwa maoni yangu chanzo kiko kwenye karatasi kabla ya kufika kwenye zege.

#4 Mkaazi wa Michenzani

Wanangu, mimi nimestaafu, lakini nimefanya kazi za ujenzi tangu ujana wangu. Mnazungumza mikataba na nondo, na mmelisahau jambo linalojulikana na kila mtu: tarehe. Majengo mengi hapa kwetu, ya Serikali na hata ya watu binafsi wanaotaka heshima, hupangiwa kufunguliwa katika shamrashamra za Mapinduzi. Ikifika Oktoba hesabu zote zinafanywa kurudi nyuma kutoka tarehe 12 Januari, na miezi hiyo ndiyo ya vuli. Mvua inanyesha, mafundi wa plasta, vigae, umeme na dari wote wanaingizwa ghorofa moja, na kila mmoja anamuondolea mwenzake ngazi. Wakati wa kujenga majumba ya Michenzani, chini ya Marehemu Mzee Karume na kwa msaada wa Wajerumani Mashariki, palikuwa na amri moja na kila kundi lilijua zamu yake.

#5 Msanifu wa Vuga

Mzee wetu, kuhusu haraka ya Januari nakuunga mkono. Kuhusu Michenzani naomba niongeze jambo moja kwa heshima. Amri ilikuwa moja kwa sababu Serikali ndiyo iliyokuwa mwenye mali, mchoraji, mjenzi na mkaguzi kwa wakati mmoja, na sehemu ya nguvukazi ilitoka kwa wananchi waliofanya kazi za kujitolea. Mpangilio ule ulipatikana kwa muundo ambao leo hatunao. Leo mwenye kiwanja ni mmoja, mchoraji yuko mbali, mkandarasi mkuu ni mgeni, wakandarasi wadogo ni wa hapa na wa Bara, na mkaguzi anapita kwa nadra. Suali letu liwe namna ya kuwapatanisha watu wasiokuwa na bosi mmoja.

#6 Mhandisi wa Miundo, Fumba

Nashukuru kwa mada. Mmezungumzia mtu kuanguka ndani ya shimo. Mimi nitazungumzia jengo kuanguka juu ya watu, kwa sababu nalo ni suala la mpangilio na madhara yake ni makubwa zaidi.

Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa takriban kilo 2,400. Slabu ya unene wa sentimita 20 basi ina uzito wa karibu kilo 480 kwa kila mita ya mraba, kabla ya kuhesabu mbao za fomu zinazoshikilia zege bichi, nondo zilizorundikwa na mafundi wenyewe. Slabu ya fleti hukadiriwa kubeba watu na samani za takriban kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Tukimwaga slabu ya ghorofa ya saba na kuitegemeza kwa mirunda juu ya slabu ya sita peke yake, tumeitwisha ya sita mzigo ambao haikukadiriwa, tena ikiwa bado changa. Ndiyo maana mirunda ya ghorofa mbili au tatu za chini lazima ibaki imesimama, au irudishwe kwa utaratibu, ili uzito ugawanywe. Anayejua mirunda ipi itoke siku gani ni mhandisi. Anayeitoa ni seremala, na anayeihitaji juu ni msimamizi mwenye haraka. Hawa watatu wasipokuwa na karatasi moja yenye saini, jengo linategemea bahati.

Mfano mbaya unaosomeshwa vyuoni ni jengo la Skyline Plaza huko Bailey's Crossroads, Virginia, Marekani. Tarehe 2 Machi 1973 mirunda ya kutegemeza zege iliondolewa mapema karibu na ghorofa ya 23, slabu ikatobolewa na nguzo, na ghorofa zikaporomoka moja juu ya nyengine mpaka chini. Watu 14 walikufa. Miaka mitano baadaye, tarehe 27 Aprili 1978, huko Willow Island, West Virginia, jukwaa lililofungwa kwenye zege la siku moja tu lilianguka pamoja na zege lenyewe wakati wa kujenga mnara wa kupozea maji, na watu 51 wakafa.

Hapa kwetu joto linatudanganya. Zege linakauka usoni kwa haraka, fundi analigonga kwa nyundo, analisikia gumu na anaamua kutoa fomu. Ugumu wa uso si nguvu ya ndani. Nguvu inathibitishwa kwa vipande vya zege vya umbo la mchemraba vinavyovunjwa maabara baada ya siku 7 na siku 28, na zege lenyewe linahitaji kumwagiwa maji na kufunikwa magunia katika siku zake za mwanzo. Tafadhali maji hayo yasitoke kwenye kisima cha pwani chenye chumvi, kwani chumvi ndiyo inayokula nondo za majengo yetu.

#7 Kijana wa Jang'ombe

Mhandisi, ahsante kwa hesabu hii. Basi hata lile ghorofa lililoanguka Kariakoo mwaka 2013 na kuua watu wengi lilikuwa na kisa hiki hiki cha mirunda?

#8 Msanifu wa Vuga

Kijana wa Jang'ombe, hayo ni matukio mawili. Jengo lililoporomoka tarehe 29 Machi 2013 lilikuwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Lilikuwa linaendelea kujengwa na waliokufa ni 36. Jengo la Kariakoo lilianguka tarehe 16 Novemba 2024, nalo lilikuwa likitumika kwa biashara. Tusiyachanganye, na wala tusiseme ni mirunda. Jengo linaloanguka likiwa changa na jengo linaloanguka likiwa limejaa wafanyabiashara hayaulizwi masuali ya aina moja.

Nasi tunalo letu. Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sayyid Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili walifariki. Kufanya kazi ndani ya jengo la mawe, chokaa na boriti kunahitaji mpangilio wake maalumu, kwa sababu ukuta mmoja unaweza kuwa unamshikilia mwenziwe bila ya mchoro wowote kuonesha hivyo.

#9 Mwendesha Winchi, Kiembesamaki

Salaam wote. Mimi nakaa juu kwenye kibanda cha winchi la mnara, na mengi ya hapo chini nayaona kabla ya wenyewe kuyaona. Kwa rai yangu tatizo la kwanza la uratibu ni upepo na ishara.

Upepo wa kusi unapokolea, kuanzia Juni hadi Agosti, chini panakuwa shwari na watu wanashangaa kwa nini nimesimama. Juu hali si hiyo. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi yake: kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Watengenezaji wengi wa winchi za mnara wanataka kazi isimame upepo ukifikia karibu mita 20 kwa sekunde, lakini fungu la plaiwudi au fomu pana ya ukuta ni tanga, na tanga linapaswa kusimamishwa mapema zaidi kuliko fungu la nondo. Kazi ikisimama, breki ya kuzungukia huachiliwa ili mkono wa winchi uufuate upepo wenyewe. Nimeshawahi kuamrishwa niufunge mkono huo usipite juu ya nyumba ya jirani. Nilikataa na nikaitwa mkaidi.

Kuhusu ishara, mpiga ishara lazima awe mmoja, na ajulikane kwa rangi ya kizibao chake. Ishara ya kusimama peke yake ndiyo anayoweza kuitoa mtu yeyote. Kwenye mjengo mmoja nilikuwa napokea maneno ya redio kwa Kiswahili, Kiingereza cha kuvunjika na lugha ya mkandarasi mwenyewe, wote kwa pamoja, na mzigo uko nyuma ya jengo nisikouona. Mtu anasema "polepole", mwengine anasema "haya", nami nina tani mbili zinaning'inia juu ya vichwa vya watu. Kwa hiyo mimi naiweka lugha mbele ya mkataba.

#10 Mpemba wa Wete

Ndugu zetu wa Unguja, mnazungumza winchi za mnara na sisi huku Pemba tunapandisha zege kwa ndoo na kamba! Nacheka kidogo lakini nina hoja. Majengo yetu mengi mapya ya Wete, Chake Chake na Mkoani ni ya ghorofa tatu na nne, majukwaa yake ni mirunda iliyofungwa kwa kamba na misumari, na ajali mbaya tunazozishuhudia ni za mtu kuanguka kutoka ghorofa ya kwanza. Urefu wa mita tatu unatosha kuua. Mkizungumzia majengo marefu peke yake, mtawafanya wenye majengo mafupi waone kwamba mada hii haiwahusu.

#11 Mratibu wa Mazizini

Mpemba wa Wete, karibu sana, na ndoo yenu tumeipokea. Hoja yako ni ya haki. Je, huko mafundi wanavaa mikanda ya usalama?

#12 Mpemba wa Wete

Wachache wanavaa, na wanaovaa wengi hawana pa kuifunga. Mkanda unafungwa kwenye mrunda ule ule anaoukanyaga.

#13 Mhandisi wa Miundo, Fumba

Hapo pana jambo ambalo hata kwenye miradi mikubwa halifahamiki vizuri. Kamba ya mkanda yenye urefu wa mita 2, pamoja na kipunguza mshtuko kinachoweza kufumuka kwa mita 1.75, ukiongeza urefu wa mwili chini ya pete ya mgongoni na nafasi ndogo ya tahadhari, inahitaji takriban mita 6 za uwazi chini ya pale ilipofungwa. Ghorofa zetu zina urefu wa karibu mita 3. Fundi aliyefunga kamba hiyo miguuni pake kwenye ghorofa ya kwanza atagonga ardhi kabla ya kamba kumaliza kazi yake. Kwa kimo hicho kinachomuokoa ni reli ya ukingoni yenye urefu wa takriban mita moja, reli ya kati, na ubao wa chini wa kuzuia vitu visidondoke. Mkanda uje baadaye, ufungwe juu ya kichwa, na pawe na mpango wa kumteremsha aliyening'inia kwa haraka, maana kuning'inia kwa muda mrefu bila ya kusogeza miguu kunaweza kumdhuru.

#14 Kijana wa Jang'ombe

Na wakaguzi wa OSHA wako wapi muda wote huu? Kwa nini hawafungi viwanja hivi?

#15 Ofisa Mstaafu, Amani

Kijana, OSHA ni wakala wa usalama na afya kazini wa Tanzania Bara na mamlaka yake yanatokana na sheria ya Bara ya mwaka 2003. Hapa Zanzibar tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya mwaka 2005, inayosimamiwa na Idara ya Usalama na Afya Kazini iliyo chini ya wizara inayoshughulikia kazi. Hali kadhalika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Bara sio unaotuhusu. Fidia yetu ina sheria yake. Mfanyakazi anayekwenda kulalamika mlango usiokuwa wake anapoteza wiki kadhaa, na ndiyo maana nalisahihisha hili kwa mkazo.

Kuhusu kufunga viwanja, niseme nilichokiona. Mkaguzi akifika anaoneshwa helmeti na kisanduku cha huduma ya kwanza, kwa kuwa hivyo vinahesabika. Kinachoua, yaani mpangilio wa nani anafanya nini juu ya kichwa cha nani, hakiko mezani wakati anapopita. Ukaguzi wenye maana ungeanza kwa kuuliza daftari la kikao cha asubuhi: leo ghorofa ya tano kuna nani, ya sita kuna nani, na kibali cha kunyanyua mzigo au kuchomelea kimetolewa na nani. Kiwanja kisichokuwa na daftari hilo kina hatari hata kama kila mtu amevaa helmeti.

Naongeza sababu ambayo hamkuitaja, nayo ni muhali. Mnyapara anamuona mtoto wa shemeji yake amesimama ukingoni bila ya kizuizi, na anaona muhali kumteremsha mbele ya watu. Msimamizi anaona muhali kumrudisha nyumbani fundi aliyemzidi umri. Heshima hii ni nzuri mtaani. Ghorofani inahitaji kanuni iliyoandikwa, ili anayemsimamisha mwenzake aweze kusema kwamba si yeye, ni kanuni.

#16 Mkandarasi Mdogo, Mwanakwerekwe

Nimesoma yote kwa utulivu, na naomba upande wetu usikilizwe. Mnasema tunalipa kwa kipande, na ni kweli. Lakini sisi wenyewe tunalipwa kwa kipande na mkandarasi mkuu, naye analipwa kwa hatua. Vibarua wanabadilika kila siku: leo umemfundisha mtu pa kupita, kesho amepata kazi Nungwi hotelini na amekuja mwengine. Mafunzo ya asubuhi ni ya watu ambao jioni hutawaona tena. Kama kila kibarua angekuwa na kadi moja ya mafunzo inayokubalika kwenye viwanja vyote vya Unguja na Pemba, gharama ingegawanyika na mimi ningekuwa wa kwanza kulipia.

Ramadhani nayo haijatajwa. Mwezi huo tunaanza kazi baada ya sala ya alfajiri na kumaliza mapema, na zege kubwa tunalimwaga usiku baada ya tarawehe. Saumu haina lawama. Lawama ni ya anayepanga kazi ya kunyanyua mizigo saa tisa mchana, na ya anayemwaga zege usiku kwa taa mbili tu. Taa za kutosha zinagharimu kidogo kuliko mguu wa mtu.

#17 Mkaazi wa Michenzani

Mkandarasi Mdogo, hili la Ramadhani umelisema vizuri, mwanangu. Bado nasisitiza kwamba hata kadi zikiwepo, tarehe ya ufunguzi itazishinda.

#18 Msanifu wa Vuga

Mzee, tarehe ina nguvu, lakini kuna ajali zilizotokea baada ya ufunguzi kutokana na kosa la uratibu lililofanywa wakati wa ujenzi. Hoteli ya Hyatt Regency ya Kansas City, Marekani, ilikuwa na madaraja mawili ya ndani yaliyoning'inia moja chini ya jengine. Mchoro wa mwanzo ulikuwa na fimbo ndefu za chuma kutoka darini zikipita kwenye madaraja yote mawili. Ili kurahisisha kazi, fimbo ziligawanywa, la chini likaning'inizwa kutoka la juu, na kwa badiliko hilo kiungo cha daraja la juu kikabeba mzigo mara mbili. Badiliko lilikubaliwa bila ya hesabu kurudiwa ipasavyo. Tarehe 17 Julai 1981 madaraja yalianguka na kuua watu 114.

Nalitaja kwa sababu kwenye viwanja vyetu nakuta kila siku mchoro wa toleo la zamani umebandikwa ukutani, fundi umeme ana toleo jengine kwenye simu, na fundi bomba anafuata alichoambiwa kwa mdomo. Uwazi ukihama sentimita 30 kwenye karatasi, ghorofani linatobolewa shimo la pili na la kwanza linaachwa wazi. Kwa hiyo Mratibu, huenda shimo lako halikuhitajika kabisa.

#19 Fundi Bomba, Magomeni

Ahsanteni. Nimesubiri mtu wa fani yangu aseme, na kwa kuwa hakuna basi nitasema mimi. Wavu wa nondo anaousifu Fundi Nondo ni mzuri kwake, kwa sababu yeye akishamwaga zege ameshaondoka. Anayebaki kukata ni mimi, nimepiga magoti ukingoni mwa shimo nikiwa na grainda, cheche zinaruka hadi kwenye fomu za ghorofa ya chini, na nikishakata mhandisi ananiuliza kwa nini nimegusa chuma chake. Hatari haikuondoka; imehamishiwa kwangu. Anayestahili kukata ni fundi nondo mwenyewe, kwa kibali, na mtu wa kulinda moto akiwa chini.

Na kuhusu plaiwudi isiyopigiliwa: stoo wanakupa plaiwudi kwa kusaini, na wanakukata fedha isiporudi. Fundi gani atapigilia misumari ubao ambao jioni anadaiwa?

#20 Fundi Nondo, Bububu

Fundi Bomba, kukata nakubali, ni haki yetu. Tatizo ni kwamba siku bomba linapofika, genge langu liko ghorofa tatu juu au liko kiwanja chengine kabisa. Nani atatuita turudi, na siku hiyo ya kurudi italipwa na nani?

#21 Mkadiriaji Majenzi, Kikwajuni

Hilo ndilo suali linaloweza kuandikwa kwa namba. Katika majedwali ninayoyaandaa sasa naweka mstari wa kukata nondo za uwazi na kuufunika kwa ubao uliopigiliwa na kuandikwa, unaohesabiwa kwa kila uwazi, chini ya mkandarasi mkuu, na plaiwudi yake haidaiwi na stoo. Mwenye mali mmoja ameukubali. Mwengine ameufuta akisema kazi hiyo ni ya fundi bomba, na mkandarasi wa umeme akadai kwamba uwazi wa kupitishia nyaya zake usiingizwe humo kwa kuwa ni mdogo.

#22 Mwendesha Winchi, Kiembesamaki

Na siku za upepo, dada yetu, zina mstari? Kila winchi likisimama wakati wa kusi, mkandarasi anahesabu hasara na mimi ndiye ninayeangaliwa.

#23 Mkadiriaji Majenzi, Kikwajuni

Hazina, kaka, na bila ya mstari huo ratiba nzima inaandikwa kana kwamba Julai ni sawa na Februari. Kama kipima upepo cha winchi lako kinahifadhi kumbukumbu, niletee za Juni hadi Agosti, saa kwa saa. Mkandarasi atabishana nami, lakini atabishana juu ya tarakimu. Mhandisi wa Miundo, nawe niandikie mirunda ya slabu inakaa siku ngapi kwa hesabu yako, ili vyote viwili viingie kwenye ratiba moja kabla ya zabuni kutangazwa.